Ndagala Zisizo na Inzi

Faida,

Ule uongo ulionitolea juzi, hata mutoto wako Baraka angesikia haya kuutoa. Ulisimama mulangoni, yeye mugongoni, ukaniambia amekwisha kuchomwa, mumemaliza. Na minye, mujinga muzee, nikaenda kuwasha moto nikupikie bugali na ndagala juu ya kukupongeza, ulivyovumilia jua la mulongo pale santre ya afya. Ulikula. Ulikula ukanawa mikono ukasema asante Koko, mujukuu mwenye adabu. Leo asubuhi nakutana na infirmiye hapa sokoni Kalundu, ananiuliza kama mutoto ni mugonjwa, mbona hakuletwa kwa chanjo ya surua. Nilisimama pale na beseni kichwani. Tangu nianze kuuza samaki Kalundu hakuna muntu aliyewahi kunifunga mudomo. Weye umenifunga, na hukuwa hata pale.

Sikukuita nikugombeze. Ninajijua. Ningepiga kelele, majirani wangeingia kutuamua, ungelia, Baraka angelia, na mwisho tungekuwa tumelia tu. Kwa hiyo ninaandika. Minye sikufika mbali kwa shule, walinitoa primaire nikalee wadogo zangu, na mukono wangu unatembea kwenye karatasi kama muntu anayevuka matope. Weye uko na diplome. Ukikuta neno limeandikwa vibaya, cheka, halafu uendelee kusoma.

Ninakusikia hapo chumbani unafunga mizigo. Kesho unaenda Lubarika kwa bwana yako, na bonde la kule likikushika halikuachi haraka. Sitakuambia namna ya kukaa na mamamukwe wako, wala namna ya kupika sombe ya watu wa kule. Hayo utajifunza kwa kukosea mbele yao, watakucheka, yatapita. Kuna makosa mengine hayapiti. Hayo njo nataka kusema.

Ninajua kwa nini ulitoka kwenye mulongo. Ni ile sindano ya mara iliyopita. Baraka alichomwa asubuhi, jioni akawa moto kama jiwe la jikoni, akatapika mpaka kitenge chako kikalowa. Kesho yake pale robine, tunapochota maji, wanawake wakakuzunguka. Mumoja akasema sindano hizi si za bure, kuna kitu ndani. Mwengine akasema zinaletwa kukata uzazi wetu. Mwengine akasema mutoto wa shangazi yake kule mulimani alichomwa na hakutembea tena, na alipoulizwa shangazi yupi, mulima upi, akasema ni habari anayoijua kila muntu. Nilikuwa pale na bidoni yangu. Nilisikia. Nilinyamaza juu nilidhani diplome yako itajibu. Diplome haikujibu.

Sasa nikukumbushe kitu kingine cha siku ileile, maana weye umekisahau. Asubuhi ile, mbele muende santre, tomati za bwana yako Bahati zilikuwa zimefika kutoka Lubarika. Kasha zilijaa mulangoni. Nawe ulikuwa unazipanga, na zile tomati zilikuwa na unga wao mweupe juu, ule wa dawa ya pompe, ya kupulizia wadudu shambani. Hukuufuta. Hapa sokoni hakuna anayeufuta, kwa sababu muteja akiona ule unga anasema tomati imetoka shambani jana, haijashikwa na mikono ya watu. Tunauza sumu kama alama ya usafi, na muteja anailipia zaidi. Ukageuka kusalimia muntu. Baraka alikuwa amekaa katikati ya kasha, tomati mudomoni, ananyonya, na mashavu yake meupe kama amepakwa poda ya kubatizwa. Minye njo nilimutoa pale nikamupangusa na kitenge changu.

Basi niambie: kutapika kule kulitoka kwa sindano au kulitoka kwa tomati? Minye sijui. Ninakuambia kweli, sijui. Infirmiye alitusemea mbele kwamba mutoto anaweza kushikwa na joto, asikae na hofu, litapita. Joto lilikuja likapita. Kutapika labda kulikuwa kwa joto, labda kwa ule unga, labda kwa uji wa jana yake. Hakuna muntu Kalundu anayeweza kujua. Lakini weye ulijua mara moja. Ulijua bila kuuliza, bila kukumbuka zile kasha, na pale robine wakakusaidia kujua zaidi.

Hilo njo linalonitisha, namna ulivyojua haraka. Kwa sababu na minye niliwahi kujua haraka hivyo, na aliyelipa ni Vumilia, mama yako.

Unajua kwamba kolera njo ilimuua. Hilo umelisikia tangu unaota meno. Lakini hukusikia kwa nini maji ya nyumba hii hayakuwa na dawa ndani, wakati dawa ilikuwa inatolewa bure hapo ukingoni mwa ziwa. Hakuna anayekuambia kwa sababu watu wa Kalundu wananiogopa. Wanafanya vizuri kuniogopa. Lakini weye kesho unaondoka, na sitaki uondoke na nusu ya habari.

Ilikuwa batize yako, ulibatizwa ungali unanyonya. Watu wa baba yako walikuwa wanatoka Kiringye, watu wa mashamba, wenye mucele na maharagi yao, na walipenda kusema kwamba sisi watu wa ziwa tunanuka. Sikutaka wapate nafasi. Minye nilikuwa muuzaji wa ndagala, ndagala zangu nilizianika mwenyewe kwenye mchanga, na siku hizo zilikuwa na inzi. Zilikuwa na inzi kwa sababu ni samaki. Lakini pembeni yangu kulikuwa na Mama Sofi. Meza ya Mama Sofi haikutuliwa na inzi hata mumoja. Wateja walinipita wakaenda kwake. Walisema kwake kuna usafi. Naye akawa ananidhihaki mbele yao, ananiuliza, "Mama Vumilia, hizo inzi zako unauza kwa kipimo au kwa fungu?" Soko lote linacheka. Nami nikacheka nao, na ndani ninaungua.

Kwa batize yako nikaacha ndagala zangu mwenyewe nyumbani, nikaenda kununua za Mama Sofi. Muuzaji wa samaki anakwenda kununua samaki kwa mwenzake ili wageni wasione inzi. Nilifunika kwa kitambaa nikapita nyuma ya depo ya mizigo ili nisionekane. Hiyo njo kiburi, Faida. Umekirithi, usinitazame vibaya.

Walikula. Walisifu. Muzee mumoja wa Kiringye alisema hajawahi kuona ndagala safi hivyo, na nikasikia kichwa changu kinakua. Mbele jua halijashuka, watu wakaanza kutapika. Hakukuwa kutapika kwa pombe, ninakujua ungesema hivyo. Mate yalikuwa yanawatoka kama mutoto anayeota meno, jasho, mikono inatetemeka, macho yamekuwa madogo kama ya kuku. Yule muzee tulimubeba mpaka santre kwa kiti. Hakuna aliyekufa siku ile. Ningetamani niandike kwamba nilimushukuru Mungu na kunyamaza. Sikunyamaza. Nilianza kutafuta wa kumushika.

Na wa kumushika alikuwa karibu. Ile wiki walikuwa wameanza vijana wa klore, ile dawa ya kusafisha maji, hapo ukingoni mwa ziwa. Unawajua, hata leo wapo wakati kolera ikianza: ukichota maji, wanakutilia ile dawa kwenye bidoni. Wanaipima kwa bomba la sindano, ile isiyo na ncha, juu isizidi wala isipungue. Sisi tulipoona sindano tukaanza kunong'ona. Maji yakawa na harufu ya hospitali. Na maji ya batize yako yalikuwa na ile harufu, kwa sababu nilichota asubuhi na musichana mumoja wa klore alinitilia akinisalimia vizuri, ananiita mama.

Basi nilijua. Hapo hapo, mbele ya watu wa Kiringye waliokuwa wameinama, nilisema ni maji. Ni ile dawa. Harufu yenyewe inasema. Na kila muntu akakubali, maana harufu kila muntu aliisikia. Ndagala hazikuwa na harufu, ndagala hazikuwa na inzi, ndagala zilikuwa njo kitu safi kuliko vyote mezani. Hakuna aliyezitaja. Mabaki yake ningewapa wageni wabebe, Mungu akapitisha paka ikayala, na ile paka sikuiona tena. Hata hilo sikulifikiria.

Kesho yake nilishuka ukingoni na wanawake nyuma yangu. Wanawake wengi. Nilimunyang'anya yule musichana ndoo ya klore nikaitupa ziwani. Walinipigia makofi. Alikuwa kadogo, amevaa bote kubwa kuliko miguu yake, na hakunitukana. Alisema, "Mama, unione vibaya tu, lakini watoto wasinywe maji haya hivihivi." Nikamuambia aende akawawekee watoto wa mama yake. Wale vijana wakahama, wakaenda kusimama upande mwengine wa muji. Tukarudi nyumbani tukiimba.

Halafu mvua ikafika. Unajua mvua hapa inavyofanya, inashusha milima yote na vyoo vyote ndani ya ziwa. Kolera ikaanza kwenye nyumba za chini. Vumilia aliamka akisema tumbo linamuuma kidogo, akakunyonyesha, akatoka anatembea kwa miguu yake. Adhuhuri akanipigia kelele. Nilimukuta amekaa chini kwenye ukuta, na uso wake ulikuwa umekauka, uso wa muzee kuliko minye. Walimutia maji kwenye mukono kule kwenye hema la wagonjwa wa kolera, kwa sindano, ndiyo, kwa sindano, nami nilikuwa nimeshika ule mukono ili usitikisike. Alikuwa amechelewa. Aliuliza kama umenyonya. Nikasema umenyonya. Hilo njo jambo la mwisho kati yangu naye, na lilikuwa uongo, kwa sababu ulikuwa unalia kwa jirani na hakuna aliyekuwa amekupa kitu.

Upande ule mwengine wa muji, walikohamia wale vijana, kolera ilifika pia. Sisemi haikufika. Lakini walizika kidogo. Sisi tulizika sana.

Utaniuliza niligundua lini habari ya ndagala. Si haraka. Ulikuwa umeanza kutembea. Siku moja nilifika mapema pale tunapoanika, nikamukuta Mama Sofi ameinama juu ya samaki zake na tawi la majani mukononi. Anachovya kwenye beseni, ananyunyiza, anachovya, ananyunyiza, kama padri na maji ya baraka. Chini ya meza yake inzi zilikuwa zimelala nyeusi kwenye mchanga. Beseni ilikuwa na chupa pembeni. Nikaijua ile chupa, ni ya watu wa bonde, ya kupulizia tomati. Mikono yake ilikuwa inatoka ngozi kama muntu aliyeungua. Nikamuuliza kama alikuwa anafanya hivyo tangu zamani, tangu wakati wa batize. Akanitazama kama muntu anayetazama mutoto.

"Mama Vumilia, ulifikiri inzi zinanichukia bure?"

Sikumupiga. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikawa ninatazama inzi. Yeye mwenyewe alikuwa anakula zile ndagala, Faida. Aliwapa watoto wake. Alikuwa anajua inaua inzi, hakujua zaidi, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu sisi wote tulikuwa tunauliza habari ya klore.

Ndiyo maana unaniona sokoni ninatafuta meza yenye inzi. Unanicheka na wenzako mnacheka. Lakini usifikiri nimekuwa mujinga wa upande mwengine. Inzi nazo zinabeba kolera kwenye miguu yao, ninajua. Ninazifukuza, ninaosha, ninapika mpaka samaki imechoka. Ninachagua ubaya ninaouona na ninaoweza kuupikia. Tangu siku ile sikumbuki kitu kimoja nilichokula nikasema hiki hakina neno. Tomati ina neno. Maji yana neno. Hata klore, ukimimina mingi, inachoma koo. Sindano ya Baraka nayo ina neno: atalia, muguu utavimba, usiku atakuwa na joto na weye hutalala. Sitakudanganya kwamba haina kitu. Wale wanaosema haina kitu njo wanaowapa watu wa robine nafasi.

Lakini weka pembeni yake surua. Weye huijui surua, kwa sababu minye nilikupeleka ukachomwa, nikiwa nimekwisha kumuzika mama yako na nimekwisha kuacha kujua haraka. Minye niliiona kule bonde nikiwa musichana. Inaingia nyumba hii, ikitoka inaingia ile. Waliwafunika watoto ndani ya giza, walisema muntu wa surua asichomwe sindano, upele utarudi tumboni. Wengine walipona. Jirani yetu alikuwa na mapacha, na baada ya hapo akawa anaitwa mama wa mumoja. Mutoto wa jirani mwengine alibaki na macho meupe kama maziwa, na hata leo yuko hai, anashikwa mukono kwenda choo. Santre kule Lubarika iko mbali na nyumba ya bwana yako, mto ukijaa haupitiki, na chanjo inahitaji baridi na kule barafu haikai. Hapa ni mbele ya mulango. Infirmiye anasema kesho njo siku ingine ya chanjo, na kesho njo unaondoka. Hakuna kesho nyingine.

Na hili pia. Uliogopa tone moja ndani ya sindano, lakini umeolewa na pompe nzima. Bahati ni kijana muzuri, anafanya kazi, hanywi sana. Lakini nimefika kwake. Ile pompe inalala chini ya kitanda. Chupa iliyoisha dawa mamamukwe wako anaiosha anatia mawese. Bahati mwenyewe anachanganya dawa kwa mukono mutupu na kijiti, upepo unampulizia usoni, anakuja kula. Wanawake wanaingia kuvuna na watoto mugongoni kesho yake tu. Siku utakapoona haya kumuambia bwana yako aitoe pompe chumbani, kumbuka minye niliona haya ya inzi. Musemee kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili itoe mwenyewe.

Ninaogopa, Faida. Andiko hili refu lote ni woga, usilione kama akili. Nimekaa hapa ninafikiria kwamba labda kesho atachomwa, na kesho kutwa apate kitu kingine kabisa, malaria, au kuhara, na weye utasema ni Koko alinilazimisha. Utanichukia kule mbali na sitakuwa na namna ya kukujibu. Nimelipima hilo. Nichukie. Nimekwisha kupendwa na soko lote siku moja, wakanipigia makofi, na ninajua kile makofi yale yalizaa.

Sasa sikiliza, maana karatasi imeisha.

Motari wa pikipiki hatakuja hapa nyumbani. Nimekwisha kumuambia akungojee mulangoni kwa santre, na kasha lako la sahani nimelituma kule kwa mutoto wa jirani, infirmiye analilinda chini ya meza yake. Usilitafute ndani, halimo. Ukiamka usimupe Baraka tomati wala usimalize kuaga majirani. Mufunge mugongoni, pita robine bila kusimama, na wakikuita usigeuke. Nitakuwa nimefika mbele yako, nitakuwa nimekaa kwenye benchi la kwanza na nimekushikia nafasi. Kaa pembeni yangu. Usiniambie kitu, hata pole. Mushike mikono. Muguu nitaushika minye.